Trela Ipi?

Nadine aliupiga mkanda kwa kiganja, ukalia. Mbao hazikutikisika. "Nenda zako," akamwambia dereva. "Lori likipinduka, litapinduka na mzigo wake."

Miaka kumi na tisa alifunga mizigo kwenye kiwanda kile cha mbao, Alabama. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu "tie down": funga, bana, kisiende popote. Lakini mikanda ya chuma iliyoishikilia ardhini nyumba yake mwenyewe, nyumba nyepesi ya kukokotwa kwa magurudumu, ilikuwa imeliwa na kutu. Tangu Machi alimwimbia mumewe, Royce, aibadilishe, maana mgongo wake haukumruhusu tena kutambaa chini ya sakafu.

Saa nane mchana mbingu ikageuka kijani, dalili ya kimbunga. Akapiga simu.

"Royce, trela umeifunga?"

"Nimeifunga, Mama Loretta. Kwa ile mikanda mipya uliyoniletea."

"Yote minne?"

"Yote minne. Kwani uliolewa na gunia?"

Nadine akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akampigia binti yao, Loretta, mwenye mimba ya miezi saba, aliyeishi nao na aliyekuwa ameshashika funguo za gari aende kujificha kwenye chumba cha chini ya kanisa.

"Kaa nyumbani, mwanangu. Barabarani miti inaanguka. Baba yako ameshafunga."

"Una hakika, Mama?"

"Nina hakika."

Jamani, mtu akikwambia amefunga, muulize amefunga nini. Kule kwao nyumba ya namna ile huitwa trela. Na kile kigari cha kuvutia boti nacho ni trela.

Alipofika nyumbani, kimbunga kilikuwa kimeshapita; zilibaki ngazi za mlangoni tu, zikipanda kwenda hewani. Loretta walimkuta kwenye shamba la jirani, wakamfunika blanketi mpaka usoni. Royce, aliyekuwa ameondoka kununua bia, alisimama na katoni yake mkononi.

"Ulisema trela," alisema. "Jumamosi naenda kuvua. Nikadhani ya boti. Nadine, wallahi nilidhani ya boti."

Nadine alimpita, akaenda uani. Boti ilikuwa imetulia juu ya kigari chake, haina hata mkwaruzo. Mikanda minne mipya, imevutwa vizuri, vile vile Nadine alivyomfundisha.

Akaupiga mmoja kwa kiganja.

Ukalia.