Kasha la Diski ya Kaka

Mimi sisahau. Namkumbuka meneja wa kiwanda cha nyuzi aliyefunga madirisha ili vumbi la pamba lisichafue gari lake nje. Nakumbuka hata shati alilovaa. Namkumbuka daktari wa kampuni aliyewaandikia wagonjwa wa mapafu kwamba wana mafua. Sikusomeshwa na mtu. Sheria za kazi nilizisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kwa hasira. Lakini siku ile, dukani kwa fundi wa kompyuta, kulikuwa na jambo moja nililojifanya nimelisahau.

Shemeji yangu, mjane wa kaka, alikuwa ameipakata diski, ameizungushia taulo. Ndani mlikuwa na sauti za wafanyakazi thelathini na wanane. Kaka alizirekodi moja moja kabla mapafu yake hayajamshinda. Ya mwisho ni yake mwenyewe. Nakala nyingine haikuwepo. Mimi ndiye niliyekataza: nilisema kila nakala ni mdomo mwingine wa kutusaliti.

"Kasha limepasuka," shemeji alimwambia fundi, mwanamke mfupi ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani. "Nilikuwa napangusa kabati, nadhani nililigonga. Siku tisa sasa, usingizi siujui."

Nikautazama ukuta.

Miwani alipanga makasha matatu mezani. "Hili la plastiki zuri kwa kutazama tu, mama; diski yako nene, haiingii. Hili la bati inaingia, ila linategemea umeme wa kompyuta, na diski kubwa hivi ina njaa, haishibi. Hili la tatu lina waya wake wa ukutani, na feni."

"Hilo la bati wamelitengeneza wanyonyaji gani?" nikauliza.

"Baba, unachagua kasha au unachagua serikali?"

Shemeji alicheka, kicheko kidogo cha pua. Akaligusa la tatu. "Hili."

Miwani alivunja mabaki ya kasha la zamani, akaiingiza diski kwenye jipya, akakaza skrubu. Kidole kikasimama juu ya swichi.

"Ilipogongwa, ilikuwa imechomekwa? Kama ilikuwa imezimwa, sasa hivi mtasikia sauti zenu. Kama ilikuwa inazunguka, huenda kile kijimkono cha kusomea kimegusa sahani ya ndani yenye sauti. Nikiiwasha, kitakwangua kila kilichoandikwa."

"Ilikuwa kabatini," shemeji alisema. "Imezimwa."

"Afadhali."

"Usiwashe!" Sauti yangu, ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti, ilitoka kama ya mgonjwa. "Ilikuwa inazunguka. Niliichukua mimi, shemeji, niende nayo kikaoni. Katibu wa chama cha wafanyakazi akasema kesi yetu dhidi ya kiwanda haina ushahidi. Nikaipiga mezani, ushahidi huu hapa! Nikarudia. Waya ulikuwa umo kwenye kompyuta. Nikairudisha kabatini wakati wewe umeenda sokoni."

Miwani aliondoa kidole kama aliyeguswa na pasi, akaanza kuhesabu skrubu ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

"Nilikuomba radhi," shemeji alisema polepole. "Nimepiga magoti jikoni kwangu, nakuomba radhi kwa kuharibu sauti ya kaka yako. Ukanijibu, yameshapita."

"Ndiyo, shemeji."

"Na huyo katibu, ulipopiga meza, alinyamaza?"

"Alicheka."

Niliitafuta hasira yangu inisitiri, kama inavyonisitiri siku zote. Haikuja.

Miwani alikohoa. Alisema yuko mtu mmoja anayejua kunakili diski zilizoumia, taratibu, kwa vyombo vyake, lakini haahidi kitu. Akavuta daftari. "Zikipatikana, nimpigie nani?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," shemeji alisema. "Huyu nitamwambia mwenyewe, nikipenda. Na hilo kasha niwekee."

Akaitoa namba yake, tarakimu kwa tarakimu, akatoka. Nilimfuata kwa mbali kidogo, maana hakuniambia twende.