Shamba la Mahindi la Waterloo

Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo Onésime alikuwa mtu wa watu. Siku nyingine aliwalisha na kuwaosha wazee katika nyumba moja ya wakongwe kule Evere, Ubelgiji, na jioni alijifungia chumbani kwake Saint-Gilles, akisikiliza majirani wakigombana kwa lugha asizozijua.

Lakini Jumamosi! Jumamosi alipanda kwenye chumba kilicho juu ya mkahawa mmoja karibu na Flagey, ambako wanaume watano wenye akili zao timamu walicheza vita. Walikuwa na meza kubwa, vilima vya sponji, na askari wafupi kuliko kidole gumba, waliopakwa rangi hadi vifungo vya koti. Walipigana vita vya Napoleon, na dadu ndiyo iliyoamua nani afe. Aliyempeleka ni Kabeya, fundi wa kompyuta kutoka Lubumbashi, waliyefahamiana naye parokiani. Kabeya alimchapa kila wiki bila huruma, kisha akamcheka: "Papa Onésime, leo tena unakimbia?" Usimdharau mzee wa watu. Tangu afike Ulaya, hakuna mwingine aliyethubutu kumtania, na utani huo aliupenda kuliko mshahara.

Chama kile kilikuwa na desturi yake. Kabla ya kurusha dadu, mmoja wao alisoma ukurasa wa askari aliyekuwepo vitani kweli. Majenerali hawakutakiwa, alitakiwa yule aliyelala matopeni. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wale jamaa walitaka kumsikia maiti mwenyewe. Wakimwamini, walibadilisha sheria ya mchezo kwa ajili yake. Wakimnasa katika uongo, Antoine, mzee wa Kibelgiji aliyekuwa mkuu wa chama, alimpiga mstari mwekundu na hakutajwa tena pale.

Zamu ya Onésime ilipokaribia, alisoma vitabu vya kuazima wiki tatu. Kila askari alipoandika habari za kiu, yeye alimwona rafiki yake Patient. Walikuwa pamoja katika jeshi la Zaire, mwaka wa nonante-sept, yaani tisini na saba, barabara ya Walikale. Patient alipigwa risasi ya tumbo, akaomba maji. Onésime alikuwa na chupa imejaa. Alikimbia nayo. Karibu miaka thelathini sasa, hajamwambia hata padri.

Basi akafanya nini mtu huyu? Akauandika ukurasa mwenyewe. Bunduki akaifanya gobori, mvua akaiacha ilivyo, barabara ya Walikale akaihamishia Waterloo, aliposhindwa Napoleon. Jina la Patient tu ndilo asilolibadilisha, mkono ulikataa. Alitaka rafiki yake asomwe kwa sauti mara moja mbele ya watu, na yeye asiulizwe kitu.

Alisoma vizuri. Alipomaliza, Antoine alivua miwani akaifuta. Onésime akahisi kifua kimepungua uzito. Ndipo Kabeya alipoangua kicheko.

"Papa Onésime, kule Waterloo hapakukuwa mahindi! Ilikuwa seigle, ile ngano murefu ya huku. Donc soldat wako anadanganya batu. Hata hakufika kule!"

Maskini, alijisahau, akamficha askari wake katika mahindi. Kwa mtu wa Kivu kama yeye, shamba la kumficha mtu ni la mahindi. Jingine angeliwazia wapi? Kabeya akawaeleza wenzake kwa Kifaransa, nao wakachangamka, maana kumnasa mwongo ilikuwa nusu ya raha yao. Antoine akafungua kalamu nyekundu.

Angenyamaza tu. Angepoteza ukurasa na kubaki na Jumamosi zake. Lakini kalamu ilikuwa inashuka juu ya jina la Patient.

"Ilikuwa mahindi," Onésime alisema, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. "Mi nilikuwa ndani. Patient alikuwa rafiki yangu. Alikuwa anaomba maji, nikamuacha."

 Antoine alifunika kalamu, akamgusa bega. Mmoja akamletea kahawa ambayo hakuiagiza. Kisha, kwa kuwa hawakujua la kufanya, wakaanza kucheza.

Kikosi cha Onésime kilisimama katikati ya meza, ubavu uko wazi kabisa. Farasi wa Kabeya walikuwa shibiri mbili tu kutoka pale. Hata mtoto angeshambulia. Kabeya aliwatazama farasi wake, akawageuza, akawapeleka msituni. Mizinga ya Antoine ikapiga kilima kitupu. Saa nzima askari walianguka kila upande, na wa Onésime hakuguswa hata mmoja.

"Kabeya," alisema, "niko wazi hapa. Nipige."

Kabeya hakuinua macho. "Hapana, papa. Pumuzika."

Saa kumi na moja walimtangaza mshindi. Hakuwahi kushinda hata siku moja. Walipanga mstari wakampa mkono, mmoja mmoja, polepole, jinsi watu wanavyompa mkono mfiwa.