Mvumo wa Gurudumu la Mbele

Pikapu ilivuma tangu kona ya gereji, na binti alipokata usukani kulia, sauti ikapanda. Akajua palepale: beringi ya gurudumu la mbele kushoto imekwisha. Akalegeza nati za gurudumu hilo, akainua pua ya gari kwa jeki, kisha akaenda kumwita baba yake, fundi wa miaka mingi ambaye masikio yalikuwa yamemtupa mkono.

“Baba, inavuma mbele, ila upande gani sijui. Imenivuruga kichwa!” akapaza sauti karibu na sikio lake.

“Mafundi wa siku hizi!” mzee akafoka, lakini uso ukachangamka. Akapiga goti, akashika springi ya kulia, binti akazungusha tairi. Mzee akatikisa kichwa. Wakahamia kushoto. Akafumba macho, kiganja kimetulia kwenye springi kama anayepima homa ya mtoto.

“Hii hapa. Inatetemeka. Beringi.”

“Mkono wako huo, baba! Bila wewe ningehangaika kutwa.”

Mzee akagusa nati za gurudumu. Zilicheza. Akarudi kulia, akagusa za huko. Zilikuwa zimekaza.

Akamkabidhi binti spana.

“Siku nyingine, mama,” akasema taratibu, “zilegeze pande zote mbili.”