Vali Katika Vikombe vya Zilpa

Injini ya Oduori ililala juu ya meza ya sebuleni, pale ambapo nyumba yenye mke huweka kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Kitambaa alikuwa amekikunja vizuri akakifungia kabatini. Meza haikubahatika. Ilikuwa imelewa oili mpaka miguuni, na kila mgeni aliyeingia pale, nje kidogo ya mji wa Busia kwenye barabara ya kwenda Malaba, alitafuta kwanza pa kukaa, kisha akatafuta la kusema.

"Mzee Oduori, hiki nacho ni nini?"

"Ni ahadi ya Mheshimiwa," alikuwa akijibu. "Yeye aliitoa, mimi naitimiza."

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Zilpa mkewe alipofariki, Mheshimiwa wa wadi alisimama kwenye matanga, kipaza sauti mkononi, akaahidi basi la kwenda Sigalame kuwaleta wakwe mazishini. Watu wakapiga makofi, maana watu wetu hupigia makofi hata upepo ukivaa suti. Siku yenyewe wakwe waliamka wakajipanga kando ya barabara na mablanketi yao na sufuria zao. Mama mzazi wa Zilpa wakamkalisha juu ya kiti, kwa sababu nyonga yake ilikuwa imeharibika na bodaboda haiwezi. Wakangoja. Basi lilikuwa limekwenda kubeba vijana wa kushangilia mkutano mahali pengine.

Mheshimiwa mwenyewe alifika, lakini kwa gari lake la vioo vyeusi. Akamhutubia marehemu kwa kirefu kuhusu lami. Kisha akatazama saa, akasema ana mazishi mengine ya kuwahi, jeneza lishuke. Likashuka. Kule Sigalame mama mtu alikuwa bado yuko kwenye kiti chake juani, na mpaka leo hajatupa hata konzi moja ya udongo juu ya mwanawe.

Hilo ndilo lililomkaa Oduori kooni. Hakulia sana. Alikwenda akanunua Corolla kuukuu iliyokuwa imekaa juu ya mawe miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma, akaapa kwamba mama mkwe ataliona kaburi la mwanawe kwa gari lisilohitaji makofi.

Shule hakwenda nayo mbali. Injini aliijulia kwenye foleni ya mpakani Malaba, enzi zake za kuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, wakati lori lingeweza kulala pale likingoja muhuri wa forodha mpaka dereva achoke kucheza karata, aamue kufungua injini ili mikono isisahau kazi. Wakubwa walifikiri wanachelewesha mizigo. Kumbe walikuwa wanafungua chuo.

Spea alizipata kwa Akiror, mama mmoja wa Kiteso mwenye kibanda Malaba, ambaye huvuka ng'ambo akarudi na gasketi kama wengine wanavyorudi na mikungu ya ndizi. Ringi za pistoni alileta Akiror. Dawa ya kusagia vali, ile kama uji wa mchanga, alileta Akiror. Na kila alipoleta kitu aliuliza, "Mzee, hili gari litaenda ama ni la kuangalia tu kama televisheni?"

"Litaenda. Wewe lete."

Kusaga vali, vile vizibo vinavyofungua na kufunga tundu za silinda, ni kazi ya kiganja. Unapaka dawa mdomoni mwa vali, unaishika kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, unakisugua kijiti kati ya viganja kama mtu anayeota moto, kwaru kwaru, kwaru kwaru, mpaka vali na kiti chake vikubaliane hata tone la mafuta ya taa lisipite. Vali ikishakubaliana na kiti chake, imeoa. Ukiihamishia kiti kingine inavuja. Kwa hiyo Oduori alikuwa ameshusha vikombe vya Zilpa, vile vya maua ya waridi ambavyo havikuwahi kunywewa ila na maaskofu, akavipanga dirishani kwa mpangilio wa silinda. Kila kikombe na vali yake, imesimama kama kijiko. Hakuandika namba. Vikombe vyenyewe ndivyo vilikuwa namba.

Ibada ya ukumbusho wa Zilpa ilipokaribia, Oduori alipanda kwenda Malaba kuchukua gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini chenye viti vya vali. Na akina mama wa kanisa, ambao hungoja mjane wa kiume atoke ndipo waingie kumsafishia, wasimwaibishe, wakaona nafasi ni hiyo. Aliporudi alikuta ua umefagiwa. Vikombe vimepangwa juu ya kichanja vikimetameta. Na chini ya kichanja, karai.

"Tumekuoshea hata vyuma," alisema Brendah, mwenyekiti wao, akijipangusa mikono kwenye leso. "Vilikuwa vinachafua vikombe vya marehemu. Si unaona vinavyong'aa?"

Oduori alitazama ndani ya karai. Vali zote zilikuwa zimelala pamoja, safi, zinanukia sabuni, kama watoto wa shule waliovuliwa sare. Kubwa za kuingiza hewa na ndogo za kutoa moshi angeweza kuzitenga. Lakini ipi ya silinda ipi, hilo lilikuwa limekwenda na maji ya Brendah hadi kwenye migomba.

"Nani aliwatuma?"

"Roho Mtakatifu."

"Angewatuma kwa Mheshimiwa. Kule ndiko kuna uchafu."

Akina mama wakacheka, lakini Brendah hakucheka. Alikuwa na habari na alikuwa ameitunza. "Mheshimiwa huyo unayemtukana ameongea na pasta. Safari hii anatoa gari lake mwenyewe, limlete mama mkwe wako Jumamosi. Wewe kaa na karai lako."

"Gari lake mwenyewe. Mara ya kwanza lilikuwa basi. Anapunguza ahadi kama anayepunguza sauti ya redio."

"Uko na moyo mgumu, baba. Na nikuulize tu. Hiki chuma hata kikiwaka, mama mkwe atakipanda vipi? Mkwe na mama mkwe tangu lini wakakaa chini ya paa moja? Ama utamfunga juu ya keria na kamba ya ng'ombe?"

Hapo ua mzima uliangua kicheko. Alikuwa amefikiria ringi. Alikuwa amefikiria plagi, kabureta, hata mto wa kukalia kwa ajili ya ile nyonga. Paa hakulifikiria. Mtu mzima wa Kisamia, aliyemkimbia mama mkwe njiani miaka yote ya ndoa yake, akijificha hata nyuma ya mkaratusi mmoja mwembamba wa pale Funyula, alikuwa amejenga gari la mama mkwe ambalo mama mkwe hawezi kulipanda.

Walipoondoka alikaa na lile karai miguuni. Angeweza kunyamaza, aache gari la vioo vyeusi lije au lisije. Lakini mwenye kuamua hakuwa yeye. Akampigia simu Sharlyne, mdogo wake Zilpa, anayekaa na mama yake.

"Shemeji, nikae karibu na mama?" aliuliza Sharlyne.

"Kaa karibu. Usimfiche. Mwambie vali zimechanganyika, lazima nizisage upya, Jumamosi sitakuwa tayari. Mheshimiwa anasema atatuma gari. Akitaka apande hilo, sitakasirika. Na mwambie langu lina paa. Sikulifikiria hilo."

Alisikia wakinong'ona Kisamia, sauti ya kikongwe ikipanda na kushuka. Mwishowe Sharlyne akarudi, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

"Anasema gari la Mheshimiwa alishalingoja, likamchoma na jua. La kwako kila ukipiga simu anasikia nyundo. Atangoja linalogongwa."

"Na paa?"

"Anauliza kama leso za Zilpa ziliisha."

Jumamosi ibada ikafanyika bila mama mzazi. Mheshimiwa alikuja, gari limeng'aa, kiti cha nyuma kitupu, na kijana wa kupiga picha. Sigalame hakuwa amepita. Alipoulizwa mama mkwe yuko wapi, aliuliza, "Mkwe gani?" kisha akajikumbusha, akasema barabara ya Sigalame iko kwenye bajeti. Watu wakapiga makofi. Oduori alikuwa amekaa nyuma kabisa ya hema na hedi ya injini magotini. Hotuba ilipochanganya kasi, naye akachanganya viganja. Kwaru kwaru. Pasta akamkazia macho. Oduori akainua kijiti kidogo, kama mtu anayeinua mkono kuunga hoja, akaendelea.

"Nini hiyo inakwaruza?" Mheshimiwa alikatiza maneno yake.

"Kazi," alijibu Oduori. "Endelea tu, mheshimiwa, hutaisikia ukizoea."

Ilichukua muda mrefu kuliko alivyofikiri. Migomba iliyokunywa maji ya Brendah ilizaa kabla vali hazijakubali zote. Lakini ilifika asubuhi moja akamwaga mafuta ya taa juu ya kila moja, akanywa chai, akarudi, na hakuna tone lililopita. Akafunga hedi, akairudisha injini ndani ya Corolla, akamwita Akiror aje kushuhudia. Injini ikakohoa. Ikatapika moshi wa buluu mpaka kuku wakahama. Halafu ikashika, ikatulia, na katapeti kamoja, kachuma ka kusukuma vali, kakawa kanagonga tik tik tik, kama mtu asiyeacha kudai haki yake.

"Hako hukarekebishi?" Akiror aliuliza.

"Kawache. Huko ndani lazima kuwe na mmoja wa kulalamika."

Kule Sigalame, alikokwenda kumchukua mama mkwe, kabla ya kuwasha gari tena, Oduori alichukua leso ya Zilpa, akaifunga kutoka nguzo ya mlango hadi nguzo ya mlango, katikati ya viti vya mbele na vya nyuma, kama ukuta wa nyumba mbili. Kioo cha ndani akakipindua kitazame dari. Kisha akageuka akaangalia shamba la muhogo mpaka aliposikia mlango wa nyuma umefungwa na Sharlyne kusema, "Twende." Njia nzima hakuna aliyemsemesha mwenzake. Tapeti ndiyo iliyoongea.

Nyumbani aliegesha karibu na kaburi, injini ikinguruma, kwa sababu betri hakuiamini. Akashuka, akasimama mbele ya boneti akiipa barabara uso na kaburi mgongo. Alisikia fimbo. Alisikia udongo ukichotwa, ukimiminwa, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi.

Sharlyne akaja mpaka kwenye boneti.

"Mama anauliza hili gari litamrudisha kweli?"

"Mwambie litamrudisha. Halina mheshimiwa ndani."

Sharlyne akaenda, akarudi. Safari hii macho yake yalikuwa mekundu.

"Anasema basi usimharakishe. Wale wengine walikuwa na haraka. Yeye ana maneno mengi na mwanawe, na hii ngurumo inamfanya asisikie."

Oduori aliikumbuka betri. Akaingiza mkono dirishani, akaizima injini.