Shati Zima

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Nayasema haya mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele nilivyomponza mwanangu mwenyewe.

Mwanangu ni kitindamimba, ana miaka kumi na mitatu. Mwanzoni mwa muhula alianza kurudi nyumbani na shati la shule limechanika. Leo kola, keshokutwa kwapa. Nikimuuliza, ananiambia amenasa kwenye msumari wa dawati. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye cherehani, nusu ya watoto wa ile shule wamevaa sare za mkono wangu, halafu mtu ananiletea habari za msumari. Msumari unachana kitambaa kwa kona. Na kifungo kikichoka kinaanguka na uzi wake tu, lakini kikinyofolewa kinaondoka na kipande cha kitambaa. Vya mwanangu vilikuwa vimeacha matundu, vitatu kwa mpigo.

Nilimkalisha kando ya meza ya kukatia nikamwambia hatoki hapo mpaka aseme. Alisema kidogo kidogo, macho chini. Wako wanne, mkubwa wao wanamwita Kamanda, na wanamngoja nyuma ya vyoo saa ya mapumziko. Nikamuuliza amewakosea nini. Hakujua. Nilipombana akasema labda ni sauti yake, maana kila akijibu swali darasani wanamwiga. Damu ilinichemka. Fundi mwenzangu, mzee anayeshona suruali pembeni yangu, akanisihi nitulie, nimalize hata chai. Nilimwambia chai aimalize yeye.

Kesho yake asubuhi nilikuwa shuleni, shati mkononi. Mwalimu wa nidhamu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniambia watoto wanacheza, mama, na nguo za watoto zinachanika. Nikamwambia hapana, waitwe. Wakaitwa, pamoja na mwanangu. Kamanda aliingia amechomekea vizuri, viatu vimepigwa rangi, akanipa shikamoo kwa adabu mpaka nikajikuta nimeitikia marahaba. Akasema hajamgusa mtu. Mwalimu akanigeukia, akauliza ushahidi uko wapi.

Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nilitandaza shati juu ya meza, juu ya madaftari yake yote, nikaanza kufundisha. Nikamwonyesha kola ilipovutwa na upande ilikovutiwa. Nikapitisha kidole kwenye matundu ya vifungo. Nikamwonyesha kwapa, nikamweleza kwamba mshono ule haufumuki kwa kucheza, ni mpaka mtu ashikwe mkono akiwa anajivuta akimbie. Niliongea kama robo saa, na moyoni najisifu, eti leo wamempata mwenye kazi yake.

"Mimi siulizi mtu, mwalimu," nikasema. "Akiguswa tena nitajua siku hiyohiyo, kwa kulitazama shati tu."

Kamanda hakubisha. Alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, ananisikiliza neno kwa neno. Mimi nikadhani ameingiwa na woga.

Akaomba msamaha. Wakapeana mikono mbele yetu, wakatia sahihi karatasi, na mwalimu akatoa uamuzi wake: kuanzia siku ile wakae dawati moja, wazoeane, wawe ndugu. Nilimwona ana hekima, nikamshukuru mara mbili. Mwanangu alinitazama. Nilidhani anaona haya kwa kelele zangu.

Wiki tano shati lilirudi zima. Kila alasiri namsimamisha mlangoni, nakagua kola, nakagua kwapa, nahesabu vifungo, kisha namwambia haya, nenda kale. Nilijigamba mtaa mzima. Mzee wa suruali akanitania kwamba niache ushonaji nikaombe kazi ya hakimu, na mimi nikacheka mpaka machozi. Mtoto alikuwa amenyamaza, chakula anakichezea kwenye sahani, lakini nikajiambia ni mtihani wa mwisho wa mwaka unamtia wasiwasi. Sikutaka kuona, huo ndio ukweli wenyewe.

Jumamosi moja nilibakiwa na kitambaa kizuri cha mteja, nikasema nimshonee mwanangu shati la kutokea. Nikamwita nimpime. Futi ilipogusa mgongo, aliruka. Nikamwambia asimame vizuri, nikajaribu tena, akauma midomo. Nilifunga mlango wa duka, nikampandisha fulana.

Ilikuwa michirizi ya mikanda. Mingine imeshakuwa myeusi, mingine ya jana, kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Nikakaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa.

"Wananivua shati kwanza," alisema. "Kamanda analikunja mwenyewe, analiweka juu ya begi. Anasema mama yako asije akapata cha kusoma."

Nikanyanyuka, natafuta viatu. Niende wapi siku ya Jumamosi, sikujua, ila nilitaka kwenda. Mwanangu akanishika mkono.

"Usiende, mama. Mgongo nimeshauzoea. Ukienda watatafuta mahali pengine pa kunipiga."

Jumatatu nilikwenda kwanza shule ya pili, ile ya ng'ambo ya barabara kuu. Karani akafungua kitabu, akanionyesha kwamba mtoto aliyekwisha kuandikishwa kwa mtihani hahami, labda mwakani. Nikatoka pale nikaenda kwa mwalimu wa nidhamu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote njiani. Alinipokea kwa furaha, akaniambia nimshukuru kwa lile dawati.

"Hawaachani wale," alisema. "Hata saa ya mapumziko utawaona wote pamoja."

Nikafungua mdomo. Nikauona akilini uso wa mwanangu, jicho moja, jino, hapo mahali pengine wanapoweza kupatafuta. Mimi, ambaye nimegombana na kila muuza vitambaa hapa mjini, nilisema ahsante mwalimu, nikaondoka. Njia nzima nilijitukana.

Siku hiyo sikushona kitu. Nilikaa mbele ya cherehani natazama saa ya ukutani. Ilipofika saa nne, saa ya mapumziko, nilijua yuko wapi na anafanywa nini, na nilikuwa hapa na mikono yangu yote miwili. Mzee wa suruali aliniuliza kama naumwa. Nikaendelea kutazama saa.

Mtoto alirudi saa kumi. Alisimama mlangoni mwenyewe, akangoja nimkague. Nikamwambia aingie tu. Nikampokea begi, nikamuuliza leo ilikuwaje.

Alifikiri kidogo, akanitazama usoni, nikaona anatafuta la kunifurahisha.

"Leo walikuwa wawili tu, mama," akasema.

Nikamwambia vizuri, mwanangu, kanawe mikono ule.