Sikio la Mara Moja

Gazetini walimwita Sikio, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na tisa alikuwa akichambua muziki kila Ijumaa, ukurasa wa kumi na nne, wimbo baada ya wimbo, kila mmoja na nyota zake. Na alikuwa na sheria yake moja aliyoitangaza kila alipopata watu wa kuwatangazia: albamu anaisikiliza mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi, bila kusimamisha wala kurudia. Anayerudia, alisema, ni yule ambaye hakusikia. Waandishi wachanga walimsikiliza midomo wazi. Ukimsifu mtu kwa uvivu wake miaka kumi na tisa, ataanza kuuita kipaji, na ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, mpwa wake, binti wa mdogo wake wa kike, alikuwa mwimbaji wa bendi iitwayo Viti vya Nyuma. Walikuwa wanne, wanapiga pop-panki: magitaa makali, ngoma za mbio mbio, na viitikio ambavyo hata asiyevipenda hujikuta anaviimba akioga. Mchana binti huyo aliuza rangi na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Miaka miwili walirekodi Jumapili kwa Jumapili, na albamu ilipokamilika wakaiita Samahani kwa Jirani. Akampelekea mjomba wake kwenye flashi, pamoja na karatasi yenye majina ya nyimbo kumi na mbili. Majina yenyewe vituko vitupu: Kamati ya Watu Wawili, Daktari Kasema Ninywe Maji, Soksi Moja Haitoshi. Hakuna jina lililofanana na wimbo wake. Ndio mtindo wao, vijana hao.

Mhariri alitaka kazi hiyo apewe mtu mwingine, kwa sababu ya undugu. Sikio akakataa katakata. Akasema yeye hana mjomba wala shangazi mbele ya muziki. Na ili kuthibitisha hilo, akainoa kalamu kuliko siku zote. Aliandika kwa raha, tuseme ukweli, akijichekea peke yake mezani, na uchambuzi ukatoka Ijumaa.

Jumamosi saa nne asubuhi mpwa wake akatokea chumba cha habari, bado na fulana ya duka. Macho yalikuwa yamevimba. Uzinduzi wa albamu ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, katika ukumbi wa shule aliyosoma, na mama yake alikuwa amesema haendi. Si kwamba haendi tu. Alikuwa amemwambia asimwite mama tena mpaka atakapokwenda kaburini kumwomba baba yake radhi.

Sikio akauliza kulikoni.

Binti akamweleza. Baba yake, yaani shemeji yake Sikio, alifariki mwaka juzi. Wimbo wa saba ulikuwa wake. Mama alikuwa ameshaambiwa hivyo tangu mwanzo: wimbo wa saba ni wa baba, usiusikie popote, utausikia siku ya uzinduzi, umekaa mbele. Mama akangoja mwaka mzima. Hata gauni alishona. Halafu Ijumaa akafungua gazeti, akaenda moja kwa moja kwenye namba saba, akakuta maneno ya kaka yake: kwamba wimbo wa saba ni kelele za walevi wanaogonga chupa na kumcheka mzee mmoja mnene aliyelala na mdomo wazi, na kwamba vijana wasio na heshima kwa wakubwa zao wasitegemee heshima ya msikilizaji. Nyota nusu.

Na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mnene.

“Nimemwambia si kweli, hataki,” binti alisema. “Nimetaka kumpigia wimbo wenyewe, kaziba masikio. Anasema mjomba wako kasikiliza, mjomba wako hawezi kumsingizia shemeji yake. Mjomba, wale walevi wako wimbo wa nne. Ni wimbo wa mwenye nyumba. Wewe uliwasikia wapi kwenye wa saba?”

Sikio akaja juu. Akasema alichosikia amesikia. Wao ndio waliochanganya mambo, mbona hata majina hayalingani na nyimbo, na aliliandika hilo, lisomwe. Akaichomeka flashi kwenye kompyuta ile kongwe ya mezani kwake, ili amwonyeshe mtoto huyu kwamba miaka kumi na tisa si mchezo. Mafaili ya nyimbo yakajipanga kwenye kioo. Yalikuwa yameandikwa namba tu, bila majina. Moja. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Ndipo mbili, tatu, nne.

Aliitazama ile safu mara mbili, yeye asiyerudia. Kompyuta ilikuwa imezipanga kwa tarakimu ya kwanza, kama zinavyofanya zile za zamani zisizojua kuhesabu, na yeye alibonyeza tu, akaziacha ziimbe, huku akishuka na karatasi ya majina mstari kwa mstari. Wimbo aliousikia wa saba ulikuwa wa nne. Wimbo wa saba aliusikia wa kumi. Katika nyimbo kumi na mbili, alikuwa ameupatia mmoja, ule wa kwanza. Kosa hilo mwanafunzi wa shule angeling'amua, na yeye hakuling'amua, kwa sababu kung'amua kulihitaji kusimamisha wimbo, na kusimamisha kungemvunjia jina.

Binti naye aliiona. Alinyoosha mkono akabonyeza saba.

Gitaa moja, halafu ngoma, halafu sauti ya mpwa wake ikipanda kwenye kiitikio: nani kazima taa yangu? Nani kazima taa yangu? Shemeji yake alikuwa fundi wa mafriji, akirudi nyumbani jioni kila siku ya Mungu, na kila siku alisimama barazani akaunguruma maneno hayo hayo, maana watoto walikuwa wanazima taa ya baraza. Na Sikio, aliyekuwa hajaoa, aliyekula chakula cha jioni nyumba hiyo kwa miaka sita bila hata kununua chumvi, ndiye aliyekuwa akiitikia kutoka ndani: mimi, shemeji, nakuokolea umeme! Nyumba nzima ikacheka.

Kwenye wimbo, baada ya swali, vyombo vyote vilinyamaza. Sekunde nne. Kisha vikarudi kwa kishindo.

“Hapo ni pako,” binti alisema. “Tulipaacha wazi makusudi. Tulitaka uitikie leo, ukiwa chini na watu. Ilikuwa nikuambie mlangoni.”

Lo! Ardhi haikupasuka, ingawa aliiomba. Alikuwa amemsikia shemeji yake akimwita kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe, akaandika mzaha, na mzaha wenyewe alikuwa amewasomea wenzake kwa sauti, wakacheka. Akamwambia mpwa wake aende ukumbini akapange vyombo vyake, asiwe na wasiwasi. Yeye atakwenda kwa mama yake sasa hivi, atamwambia kila kitu kama kilivyo, na saa kumi watakuja pamoja. Binti akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Alimshukuru, jamani.

Mdogo wake Sikio alikuwa fundi cherehani, akifanyia kazi sebuleni. Sikio alimkuta amekaa kwenye cherehani bila kushona, kitambaa cha mteja kimelala miguuni. Alipomwona kaka yake alisimama, akampa kiti, akamletea maji. Na kabla hajayagusa akaanza kumshukuru naye. Usingekuwa wewe, kaka, alisema, ningekwenda kukaa mbele na gauni langu jipya, nitukaniwe mume wangu hadharani huku nikipiga makofi. Alisema katika dunia hii amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli. Machozi yakamtoka.

Sasa hapo ndipo mtu anapotakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo, aliyapanga njia nzima. Lakini ukishaitwa mtu wa pekee wa kusema ukweli, ulimi unakuwa mzito, na wa Sikio ulitafuta njia ya mkato.

Akasema kumetokea kosa gazetini. Yule binti anayepanga kurasa, unajua hawa watoto wa siku hizi, alizichanganya aya. Za namba nne kaziweka saba, za saba sijui wapi. Yeye mwenyewe ameligundua asubuhi hii, na amemfokea sana.

Hakuwa amemfokea mtu. Binti wa kurasa alikuwa msichana mpole asiyewahi kukosea hata nukta, na alikuwa anamwamkia Sikio kila asubuhi kwa jina la mwalimu. Sikio aliyajua hayo yote huku mdomo ukienda.

Mdogo wake aliamini papo hapo. Uso wote ulimfunguka. Alijipiga paja, akacheka na kulia kwa pamoja, akasema moyo wake ulikuwa unamwambia, mtoto wake hawezi, na kaka yake hawezi, basi lazima kuna mtu katikati. Akamlaani kidogo huyo binti wa kurasa, kisha akamsamehe. Akatandika shuka mezani, akachomeka pasi, akatoa gauni lake la kijani kabatini. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu, muda ulikuwepo tele.

Alipiga pasi akiimba chini kwa chini. Kisha akasimama.

“Kumbe basi ulichoandika kuhusu wimbo wa baba yake kimo humu humu,” alisema. “Kimekaa tu pengine. Hebu nisomee, kaka.”

Gazeti lilikuwa juu ya cherehani. Alimletea yeye mwenyewe, akamfungulia ukurasa, akarudi kwenye gauni lake akiwa amempa mgongo.

Sikio alizitazama zile aya. Ilimpitia kichwani kwamba angeweza kutunga. Angesema maneno mazuri hapo hapo, anayo mengi, ndiyo kazi yake, na mdogo wake angeyameza kwa furaha. Lakini gazeti lingebaki ndani ya nyumba hii. Angelikata, angelitia kwenye fremu, huyu. Angelisoma kila Jumapili akitafuta aya aliyosomewa.

Akatafuta namba kumi, akasafisha koo, akasoma.

“Wimbo wa kumi. Hapa bendi inalalamikia kukatiwa umeme. Mwimbaji anauliza nani kazima taa yake mara kumi na sita, nimehesabu. Ndugu yangu, kalipe bili upumzike, na sisi tupumzike. Katikati kuna kimya cha sekunde nne, nadhani fundi mitambo alikwenda kunywa chai. Ningekuwa mimi, nisingerudi. Nyota moja, kwa ajili ya chai.”

Pasi ilikuwa imenyanyuliwa juu ya gauni, mkono umesimama nayo hewani. Mdogo wake hakugeuka. Akaichomoa kwenye umeme, akaisimamisha taratibu pembeni, na ndipo akageuka.

“Na hayo maneno,” alisema, “nayo kayaandika huyo wa kurasa?”

“Hapana,” alisema Sikio. “Ni mimi. Na kuchanganya pia ni mimi. Binti wa kurasa hajafanya kosa lolote. Nilisikiliza vibaya, nikaandika, na sasa hivi nimekudanganya.”

“Mume wangu anakuita kwa maneno yake mwenyewe, huku umekaa na kalamu.”

“Ndiyo.”

“Hukumjua.”

“Sikumjua.”

Alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa, mtu akishatukanwa huwa ameanza kusamehewa. Mdogo wake aliingia chumbani na gauni lake, akakaa huko, akatoka amelivaa, na kwa kweli lilimpendeza. Alijifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo kidogo cha wateja. Alikuwa na aibu usoni, yeye ambaye hakuwa na kosa, na Sikio aliielewa: alikuwa akikumbuka aliyomwambia mtoto wake.

Sikio akasimama, akanyoosha shati, akasema kwamba wakiondoka sasa watamkuta binti kabla hajapanda jukwaani.

“Wewe kaa,” alisema mdogo wake. “Kesho njoo tuongee, wewe ni kaka yangu, sina wa kukubadilisha naye. Leo niache na mtoto wangu.”

Akachukua mkoba wake akatoka. Dirisha la sebule lilitazama barazani, na Sikio akamwona amesimama pale, amempa mgongo, simu sikioni. Alimsikia akiomba msamaha kwa mwanawe, mara moja, bila kujieleza, kama watu wanavyopaswa kufanya. Akasikiliza upande wa pili. Halafu akasema ndiyo, yuko njiani, atakaa mbele kabisa.

“Hapana,” alisema tena. “Mjomba wako haji. Imbeni tu hivyo hivyo.”