Mkasi na Karatasi ya Jeki

Kiwandani walimwita Mkasi, kwa jinsi alivyokata maneno. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa Kiingereza karatasi za maelezo zinazotiwa ndani ya maboksi ya jeki za gari. Jeki hizo ziliuzwa nchi thelathini na moja, nyingi za watu waliojifunza Kiingereza kama yeye: ukubwani, kwa kuungaunga.

Asubuhi moja Mkurugenzi alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi yake, na juu yake nyingine iliyoandikwa upya na Profesa. Huyo hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa shemeji wa Mkurugenzi, na jina alilipata kwa kupenda maneno marefu.

"Hiki chako ni Kiingereza cha chekechea," Profesa alisema. "Wateja watatucheka."

Mkasi aliisoma ile mpya akiwa wima. Onyo la kutoingia chini ya gari lilikuwa mkiani mwa sentensi ya maneno arobaini na sita, limejibanza kama panya nyuma ya kabati. Yeye alikuwa ameliweka juu kabisa, kwa maneno matano: *Never go under the car.*

"Wacheke, mradi wawe hai," alisema. "Hii siipeleki kwa mchapaji."

"Unajua unasema na nani, dada?"

"Najua, shemeji wa bosi. Wewe unajua unamwandikia nani? Kaka yangu ni fundi wa matairi. Mtu aliyepiga magoti kando ya barabara, magari yanampita sikioni, hana nafasi ya kusikiliza hotuba."

Mkurugenzi akaguna. "Basi tujaribu. Ukishindwa, inachapwa ya Profesa."

"Na nisiposhindwa?"

Mkurugenzi alikuwa ameshaelekea mlangoni.

Walishuka uani, ambako madereva wa malori kutoka nchi jirani walikuwa wakisubiri kupakiwa mizigo. Wawili walikubali. Wa kwanza, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipewa karatasi ya Profesa. Aliisoma midomo ikimchezacheza, akainua gari la Mkurugenzi kwa jeki, akaitazama tena karatasi. Kisha akalala chali, akajisukuma chini ya gari.

Mkasi alimrukia, akamshika vifundo vya miguu na kumvuta.

"Toka, mzee! Toka!"

Mzee aliinuka, shati limejaa vumbi. "Mwanangu, si imeandikwa nihakikishe kule chini? Nimeliona neno hakikisha, nikaliona neno chini. Katikati sijui walikuwa wanasema nini."

Dereva wa pili alisoma karatasi ya Mkasi, akainua gari, akarudi nyuma hatua mbili. "Hapa chini haingii mtu," alisema.

Mkurugenzi alijifuta jasho. "Ichapwe ya Mkasi," alimwambia karani, akapanda ngazi bila kumtazama shemeji yake.

Lakini aliyeaibika halali. Wiki iliyofuata Mkasi aliletewa barua: ameonyesha utovu wa nidhamu mbele ya wageni, na anatakiwa kumwomba Profesa radhi kwa maandishi. Karani alimnong'oneza, "Omba tu, yaishe. Radhi haivunji mfupa."

"Mfupa wa yule mzee ungevunjika."

Alichukua kalamu, akaandika chini ya barua ile: *Nimesoma. Sikubali.* Akatia sahihi, akamrudishia, kisha akavuta karatasi ya maelezo ya pampu na kuanza kukata.